Kriketi kwa Anayeanza: Jinsi ya Kuielewa, Kuitazama na Kuicheza

Anayetazama kriketi kwa mara ya kwanza hachoshwi na mchezo wenyewe, anachoshwa na kibao cha matokeo. Kimeandikwa 112/4, pembeni 15.3, chini yake kuna namba nyingine tatu, na mtangazaji anaongea kana kwamba kila mtu ameshaelewa. Uwanja unalipuka kwa shangwe mpira ukidakwa, unalipuka tena mpira ukivuka mpaka, na wewe hujui ni nani anaongoza. Wengi hubadilisha chaneli hapo hapo. Ni hasara, kwa sababu mchezo huu ukishaeleweka haukuachii.

Sheria rasmi za kriketi ziko 42, na ukianza kuzisoma moja moja utakata tamaa. Shika kwanza jambo moja: kriketi ni mvutano wa vitu vitatu, yaani mikimbio, wiketi na mipira. Timu inayopiga inatafuta mikimbio, yaani alama, mingi iwezekanavyo. Ina wiketi 10 tu za kupoteza, yaani wapigaji 10 wanaoweza kutolewa, na katika mechi nyingi za siku hizi ina idadi maalumu ya mipira ya kuchezea. Ikiharakisha kutafuta mikimbio, inapoteza wiketi. Ikizilinda mno wiketi, mipira inaisha. Karibu kila uamuzi utakaouona uwanjani unatokana na hesabu hiyo.

Uwanja na watu waliomo

Uwanja wa kriketi ni duara pana la nyasi, na ukubwa wake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Kinachopimwa kwa makini ni pichi, ule ukanda mgumu ulio katikati, wenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Kila mwisho wa pichi vimesimikwa vijiti vitatu vyenye kimo cha sentimita 71.1, na juu yake vimelazwa vijiti vidogo viwili ambavyo havijafungwa. Hivyo vyote kwa pamoja ni wiketi. Mita 1.22 mbele ya wiketi umechorwa mstari, na ng'ambo ya mstari huo mpigaji hayuko salama tena.

Kila timu ina wachezaji 11. Timu inayopiga huwa na watu wawili tu uwanjani, mmoja kila mwisho wa pichi. Wenzao wanasubiri nje. Timu inayorusha iko uwanjani yote: mrushaji mmoja, mlinda wiketi mwenye glavu kubwa nyuma ya vijiti, na wengine tisa waliotawanywa na nahodha wao. Waamuzi ni wawili, mmoja nyuma ya vijiti vya upande anakotokea mrushaji na mwingine pembeni mwa mpigaji.

Kabla ya yote manahodha hurusha shilingi. Aliyeshinda anachagua timu yake ipige kwanza au irushe kwanza, na uamuzi huo una uzito, kwa sababu pichi ya asubuhi yenye unyevu huweza kuusaidia mpira kuyumba, na pichi iliyopigwa jua huanza kupasuka.

Fuata mpira mmoja kwanza

Chagua mpira mmoja, uutazame tangu unapotoka mkononi hadi unapokufa.

Mrushaji anakuja mbio, mkono wake unazunguka juu karibu na sikio, anauachia mpira kuelekea kwenye vijiti vya mpigaji. Hairuhusiwi kukunja kiwiko kisha kukinyoosha kwa nguvu kama mtu anayerusha jiwe. Hiyo ni faulo. Kwa kawaida mpira hudunda mara moja kwenye pichi kabla ya kumfikia mpigaji, na mlemle kwenye kudunda ndimo ufundi mwingi wa mrushaji ulimo. Mrushaji wa kasi anautaka mpira upande ghafla au uyumbe hewani. Mrushaji wa spini anauzungusha kwa vidole au kwa kifundo cha mkono ili ukishadunda ubadilishe njia.

Mpigaji ana muda mfupi sana. Akiona ni hatari, anauzuia tu mpira uanguke miguuni pake, na hapo hakuna mkimbio wala wiketi. Akiona pengo kati ya walinzi, anapiga, na yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana mahali. Wakifika wote wawili salama, timu imepata mkimbio mmoja. Wakiweza kurudi tena, ni miwili. Mpira ukibingirika hadi kuvuka mpaka wa uwanja ni nne bila kukimbia, na ukivuka mpaka hewani bila kugusa chini ni sita.

Hakuna anayelazimishwa kukimbia. Jambo hili huwapita wageni wengi, nalo ndilo linaleta ladha: wapigaji wawili wanapaswa kuelewana kwa neno moja katikati ya kelele, "njoo" au "baki", na mmoja akisita tu, mwingine yuko katikati ya njia na mpira unarudi.

Kuna pia mikimbio ya bure. Mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji unaitwa waidi: timu inayopiga inaongezewa mkimbio mmoja na mpira unarudiwa. Mrushaji akikanyaga kupita mstari wake ni nobo: mkimbio mmoja tena, mpira unarudiwa, na katika mechi za ova chache (ova ni fungu la mipira sita) mpigaji anapewa mpira unaofuata ambao hawezi kutolewa kwa kudakwa wala kwa vijiti kugongwa na mrushaji. Timu zinazozembea hapa hulipa ghali.

Ova

Mipira sita halali ni ova moja. Ova ikiisha, mrushaji mwingine anachukua mpira na kurushia kutoka upande wa pili wa pichi; hakuna anayeruhusiwa kurusha ova mbili mfululizo. Wapigaji wanabaki walipo. Ndiyo maana mpigaji mjanja hutafuta mkimbio mmoja kwenye mpira wa mwisho wa ova: anavuka upande wa pili, na ova mpya inapoanza, ni yeye tena anayepiga.

Jinsi mpigaji anavyotoka

Mpigaji akitolewa hurudi nje na hapigi tena katika zamu hiyo. Katika kazi nyingine zote uwanjani anaweza kujirekebisha, lakini katika kupiga kosa moja laweza kufuta siku yake nzima. Timu ikipoteza wapigaji 10, yule wa 11 anabakia bila mwenza na zamu inaisha. Kila mpigaji anayetoka huitwa pia wiketi, kwa hiyo ukisikia "wameangusha wiketi nne" maana yake wapigaji wanne wameshatoka.

Njia za kutoka ni nyingi, ila tano zitakutosha. Ya kwanza, mpira unapita ulinzi wake na kuvunja vijiti. Ya pili, amepiga na mlinzi akaudaka mpira kabla haujagusa chini. Hii huonekana sana. Ya tatu, anakimbia na vijiti vinavunjwa kwa mpira kabla hajaufikia mstari. Ya nne, ametoka mbele ya mstari kuufuata mpira, ameukosa, na mlinda wiketi ameudaka na kuvunja vijiti nyuma yake.

Ya tano ndiyo inayozua mabishano: mguu mbele ya wiketi. Mpira umegonga mwili wa mpigaji, mara nyingi pedi ya mguu, bila kugusa gongo kwanza, na mwamuzi anaona ungeendelea hadi kwenye vijiti. Huo ndio msingi wake. Yapo masharti mengine. Mpira ukidundia nje ya mstari wa vijiti upande wa miguu ya mpigaji, hawezi kutolewa kwa njia hii hata kama ungevunja vijiti vyote vitatu. Ukimgonga akiwa nje ya mstari upande wa pili, na alikuwa anajaribu kwa dhati kuupiga, yuko salama pia. Katika mechi kubwa kuna picha za kompyuta zinazochora njia ya mpira, na timu zina nafasi chache za kukata rufaa.

Mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka timu inayorusha imuulize. Zile kelele za wachezaji kumgeukia mwamuzi mikono juu ni swali halali ndani ya sheria. Akiinua kidole kimoja, mpigaji ametoka. Mikono miwili juu ni sita. Mkono mmoja ukipepea kifuani ni nne, mmoja ulionyooshwa pembeni ni nobo, na yote miwili pembeni ni waidi.

Kusoma kibao, kwa mechi zilizochezwa kweli

Njia bora ya kujifunza namba ni kuzisoma kwenye mechi zenye maana kwetu.

Anza na tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, kwenye Kombe la Dunia. Kenya ilipiga kwanza na kutolewa wote kwa mikimbio 166 katika ova 49.3. West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibiani, yenye mpigaji maarufu Brian Lara, ilihitaji 167. Lara alifikisha 8 tu, akaugusa mpira wa Rajab Ali kwa ukingo wa gongo na mlinda wiketi Tariq Iqbal akaudaka. West Indies wakaisha kwa 93. Kenya ilikuwa imepiga kwanza na kuizuia timu iliyokuwa ikifukuza idadi hiyo, kwa hiyo ushindi unahesabiwa kwa mikimbio: 166 toa 93, Kenya imeshinda kwa mikimbio 73. Tazama pia mikimbio ya bure ambayo West Indies waliwapa Kenya siku ile: 37. Mpigaji bora wa Kenya, Steve Tikolo, alipata 29.

Sasa nenda Juni 2024, Guyana, Kombe la Dunia la T20, yaani la mechi za ova 20 kwa kila timu. Papua New Guinea walipiga kwanza wakaisha kwa 77. Uganda wakafukuza na kufika 78/7 katika ova 18.2. Namba ya kwanza ni mikimbio, ya pili ni wiketi zilizoanguka. Saba zimeanguka kati ya 10, zimebaki tatu, kwa hiyo Uganda imeshinda kwa wiketi 3. Aliyepiga kwanza hushinda kwa mikimbio na aliyefukuza hushinda kwa wiketi. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia.

Ile 18.2 si desimali. Ni ova 18 kamili na mipira miwili ya ova ya 19, yaani mipira 110 kati ya 120.

Namba za mrushaji nazo zina mpangilio wake: ova alizorusha, ova ambazo hazikutoa mkimbio hata mmoja, mikimbio aliyotoa, na wiketi alizopata. Katika mechi hiyo hiyo Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alimaliza na 4-2-4-2: ova nne, mbili kati yake bila mkimbio, mikimbio minne tu, wiketi mbili.

Hazina ya Afrika Mashariki kwa upande huu, kwa maoni yangu, ni ya Aasif Karim wa Mombasa. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, akiwa na miaka 39 na tayari alishaachana na timu ya taifa kabla ya kuitwa tena, aliirushia spini Australia, mabingwa wa dunia, na kumaliza na 8.2-6-7-3. Mipira 50, mikimbio 7, na Ricky Ponting, nahodha wa Australia, akiwa mmoja wa watatu aliowatoa. Kenya walikuwa na 174 tu za kulinda na walishindwa kwa wiketi 5, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Ukishaweza kuisoma 8.2-6-7-3 na ukasisimka, umeshaingia kwenye kriketi. Siku tano baadaye Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India, mahali ambapo timu nyingine ya ukanda huu haijawahi kufika katika mechi za ova 50.

Aina za mechi

Mechi ya Test huchezwa hadi siku tano, kila timu ikiwa na zamu mbili, na huweza kwisha bila mshindi. Ya kwanza ilichezwa Melbourne mwaka 1877. Mechi ya siku moja ni ova 50 kwa kila timu. Ndiyo ya Kombe la Dunia lililoanza 1975, ambapo Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilicheza kama timu moja ya Afrika Mashariki. T20 ni ova 20 kwa kila timu, ilianzishwa Uingereza mwaka 2003, inamalizika kwa takribani saa tatu, na ndiyo itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Anza na T20. Test ni tamu kuliko zote, ila ni ya baadaye.

Mechi yako ya kwanza kuitazama

Katika ova sita za mwanzo za T20 timu inayorusha inaruhusiwa kuweka walinzi wawili tu nje ya duara la ndani lililochorwa uwanjani. Mpaka uko wazi, kwa hiyo wapigaji hushambulia. Angalia wiketi: timu yenye 50/0 baada ya ova sita imetulia, yenye 50/3 ina mikimbio ile ile lakini iko matatani.

Baada ya hapo walinzi hadi watano wanaweza kurudi mpakani na spini huingia. Wageni huona sehemu hii imepoa. Usiondoke. Hapa ndipo mrushaji anambana mpigaji mpira baada ya mpira mpaka uvumilivu unamwisha na anapiga vibaya. Kumbuka pia kwamba mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova nne, kwa hiyo nahodha anapanga nani amuweke akiba. Ova nne za mwisho hazihitaji maelezo.

Zamu ya pili ikianza, shika hesabu moja: mikimbio iliyobaki ukilinganisha na mipira iliyobaki. Ikiwa zinahitajika 40 kwa mipira 30 na wiketi saba zipo mkononi, anayefukuza ana nafuu. Zikibaki wiketi mbili, mambo yamegeuka. Mvua ikikatiza mechi, lengo jipya hupangwa kwa kanuni maalumu ya hesabu, na hapo wewe fuata namba itakayotangazwa.

Kuanza kucheza

Huhitaji klabu ili uanze. Tafuta uwanja wa shule au eneo tambarare, mpira wa tenisi, na ubao mnene uliochongwa mpini. Gongo halisi lisizidi upana wa sentimita 10.8. Kreti la soda lililosimamishwa linatosha kuwa wiketi. Pima hatua ndefu 22 kati ya kreti mbili. Kwa watoto, 16 hadi 18 zinatosha.

Kwa kupiga: kama unatumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto unakaa juu ya mpini na wa kulia chini, ikigusana. Simama ubavu ukielekea kwa mrushaji, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, macho yote mawili yamlenge yeye. Gongo linarudi nyuma moja kwa moja na kushuka moja kwa moja. Mpira ukidundia karibu nawe, piga hatua mbele kuufuata. Ukidundia mbali na kupanda juu, rudi hatua nyuma upate nafasi. Kosa la karibu kila anayeanza ni kupiga kwa kukata pembeni kama anayefyeka nyasi. Jizoeze kwanza kuuzuia mpira kwa gongo lililonyooka, mwenzako akikurushia taratibu kutoka chini, mpaka uwe unaugonga katikati ya gongo kila mara. Nguvu itakuja.

Kwa kurusha: anza umesimama, bila mbio. Shika mpira kwa shahada na kidole cha kati juu, dole gumba chini. Nyoosha mkono wa mbele juu, utazame lengo kupitia pembeni mwa mkono huo, kisha uushushe huku mkono wa mpira ukizunguka ukiwa umenyooka na kupita karibu na sikio. Weka kitambaa kwenye pichi, hatua nne au tano mbele ya mpigaji, ukilenge. Ongeza mbio pale tu unapokipata kitambaa mara kwa mara.

Kudaka hujifunzwa haraka: vidole vikiwa wazi, mikono ipokee mpira na kurudi nao kifuani. Mikono migumu inauangusha.

Mechi ya kwanza ichezeni watu sita kwa sita, ova tano kila timu. Kila mmoja isipokuwa mlinda wiketi anarusha ova moja, hivyo hakuna anayekaa bure. Mteueni mtu wa kuandika kila mpira kwenye daftari: nukta kwa mpira usio na mkimbio, namba kwa mikimbio, W kwa wiketi. Mwandikaji ndiye huelewa mchezo haraka kuliko wote.

Mpira halisi wa ngozi ni jambo jingine. Una uzito wa takribani gramu 160, ni mgumu, na unaumiza. Usiuguse katika mechi bila helmeti yenye wavu usoni, glavu, pedi za miguu na, kwa wanaume, kikinga cha sehemu za siri. Vifaa hivi ni ghali, na hapo ndipo klabu inakuwa msaada, kwa sababu nyingi zina mabegi ya kutumia kwa pamoja. Dar es Salaam ulizia Gymkhana, Nairobi kuna Gymkhana na Ruaraka, Mombasa kuna Mombasa Sports Club, Kampala ni Lugogo, na Kigali ni uwanja wa Gahanga uliofunguliwa 2017. Walio Oman na nchi za Ghuba wana bahati zaidi, kwani jioni na siku za mapumziko wafanyakazi kutoka India, Pakistan na Bangladesh hucheza kwenye viwanja vya wazi, na mtu mmoja aliyepungua kwenye timu ni jambo la kawaida. Nenda mapema wakati bado wanagawana timu, useme unajifunza, na uombe uwekwe mahali ambapo mipira mingi hufika.